Mashine Ni Nzima

Musonoi, Kolwezi, tarehe 9 Februari 2025

Ndugu yangu mpenzi Banza,

Amani ya Yezu iwe nawe na Tania huko Dilolo. Sisi tunaamka salama. Mume wangu Kalenga alirudi juzi kutoka kambi ya mgodi, kwa juma moja tu, halafu gari la kazi litamchukua tena. Darasa langu limejaa, wengine wanakaa chini. Mvua inatupiga, na kila wanapolipua kule shimoni ukuta wa chumba cha nyuma unaongeza ufa. Mama ameshaacha kushtuka. Anakusalimu sana. Barua yako ya Noeli ameishika mpaka imelainika kama kitambaa. Anasema Tania asibebe maji kichwani, na asilale chali.

Mzigo ulifika. Stany aliushusha kutoka lori lake mbele ya nyumba, na watoto wa avenue nzima wakaja kuangalia. Mama alipitisha mkono juu ya kioo cha micro-onde, hiyo mashine ya kupashia chakula, akasema, "Banza alinikumbuka." Asante sana.

Hapa napiga mstari.

———

Banza, Mama hajui kusoma lakini anataka kila barua asomewe, na zile ninazokuandikia anataka azisikie kabla hazijaondoka. Basi tufanye hivi: yaliyo juu ya mstari ni yake, yaliyo chini ni yetu wawili. Kama ule mlipuko wa machimbo usingekuharibia masikio, ningekupigia simu nikiwa shuleni. Na message huko kwenu zinafika zinapotaka. Tubaki na karatasi, na Stany azibebe.

Tangu Mama alipoanguka uani mwezi wa kumi na mbili, hajawa yule wa zamani. Mkono wa kushoto unachelewa. Unajua aliangusha mbabula, lile jiko letu la makaa, yenye makala ya moto, ikachoma mkeka na nusura imchome mwenyewe. Ndipo nilipokuandikia, nawe ukatuma mashine. Sasa naondoka asubuhi nikimwachia sahani ndani yake. Mchana anazungusha kitufe, basi, hana haja ya moto. Lakini kila siku nikirudi ananiambia chakula kilikuwa baridi. Taa inawaka, sahani inazunguka, mashine inanguruma vizuri. Yeye anasema, "Iko baridi, Laurentine. Iko baridi sawa maji ya mutoni." Je, walikuuzia kitu kilichokufa huko mpakani? Mi sivijui vitu hivyo. Wewe ndiye unayevinunua na kuviuza.

Njoo uiangalie. Njoo umwangalie na yeye. Huu ni mwaka wa pili hajakuona.

Dada yako,
Laurentine


Dilolo, 2 Machi 2025

Yaya Laurentine, dada yangu mkubwa, na wewe Mama yangu,

Nawasalimu kwa jina la Bwana. Barua yenu ilikwama na Stany huko Mutshatsha, lori lilizama katika matope, lakini imefika bila kulowa. Tania ni mzima. Mimba imeingia mwezi wa saba. Anakula udongo mweupe kwa siri, anadhani sioni, na midomo inamsaliti. Mama, maji nabeba mwenyewe sasa. Wanawake wa bombani wananicheka. Bahati nzuri siwasikii. Treni ya kwenda Angola inapita, mi naijua kwa miguu tu, ardhi inapotetemeka. Biashara inakwenda polepole. Mama, chagua jina la mutoto. Akiwa mwanamume, akiwa mwanamke, jina litoke kwako.

———

Yaya, mashine ile niliijaribu kabla ya kuifunga. Haikuwa imekufa. Lakini lori linatikisa, na kitu kinaweza kukatika ndani. Tujue kwanza kama inapasha au haipashi. Usifuate maneno ya Mama, wala usifuate taa na mngurumo: taa huwaka na sahani huzunguka hata katika mashine isiyopasha kitu.

Angalia kitufe cha juu. Kuna alama ya kipande cha barafu, ile ni ya kuyeyusha nyama iliyoganda. Kitufe kikiwa pale, chakula hakipati moto. Kizungushe mpaka kwenye nguvu kubwa. Halafu chukua kikombe cha udongo kisicho na mstari wa dhahabu, tia maji ya kawaida, yasijae, na uweke kijiti cha mti ndani ili maji yasikurukie usoni. Dakika mbili. Kitoe kwa kitambaa, koroga, uone. Mashine ikiwa nzima, maji yanatoa mvuke, na kikombe hakishikiki. Maji yakiwa vuguvugu, iache ipumzike, rudia. Yakiwa vuguvugu tena, mashine ni mgonjwa. Usiiwashe tupu. Na fundi yeyote asikudanganye kuifungua hapo nyumbani. Ndani yake umeme hubaki hata ukishaitoa ukutani, na unaua.

Jaribu mchana, jaribu na jioni. Courant ya Musonoi naijua, jioni umeme unakonda.

Kuhusu kuja, barabara ni ile unayoisikia kwa Stany.

Mdogo wako,
Banza


Musonoi, 30 Machi 2025

Banza mpendwa,

Tunakusalimu katika Kwaresima hii. Kalenga amerudi kambini. Shuleni tulifunga siku mbili kwa sababu ya vumbi la mlipuko, halafu mvua ikaliosha lote. Nilipomsomea Mama habari ya udongo mweupe alicheka mpaka akakohoa. "Ni mwanamuke," akasema. "Ataitwa Ndaya." Ni jina la mama yake aliyemzaa. Nikamuuliza, na akiwa mwanamume? Amekataa kujibu, anasema haina haja. Anamwambia Tania asiogope. Anamwambia na wewe usiogope.

———

Nilifanya yote uliyoandika. Kitufe kilikuwa mahali pake. Mchana maji yalitoa mvuke na kikombe kiliniunguza vidole hata kwa kitambaa. Jioni, taa ya nyumba ikiwa imekuwa nyekundu kama kaa la moto, maji yalitoka vuguvugu, na mara ya pili vuguvugu vilevile. Nikafurahi, Banza! Nikasema basi, ni courant, si mashine wala si Mama. Nikamwambia apashe mchana tu.

Hata mchana anasema ni baridi.

Kalenga alisema kabla ya kuondoka, "Mama yako anatafuta maneno, anataka ugomvi tu." Juma lililopita nilirudi mapema, nikamkuta Mama anapasha sahani ileile mara ya tatu. Bukari, ule ugali niliomwachia, ilikuwa imekauka kandoni kama ubao. Nikapiga kelele: "Mama, mashine haina ugonjwa! Ni weye!" Alikaa akala bukari ile yote, polepole, akikohoa kila anapomeza. Anavaa masweta mawili, na hatujafika wakati wa baridi. Anasema upande wa kushoto una baridi.

Nilikuomba uje, ukanijibu habari ya barabara. Stany anapita barabara ileile kila mwezi.

Laurentine


Dilolo, 27 Aprili 2025

Mama na Yaya,

Pasaka njema. Hapa wote ni wazima. Tania anawasalimu. Jina la Ndaya amelipenda sana. Tumbo limekuwa kubwa. Anaomba mumwombee.

———

Yaya, kama maji yanapata moto na chakula hakipati, huenda mashine inapasha sehemu moja na kuacha nyingine. Panga vikombe vitatu vyenye maji sawasawa, kimoja katikati, viwili kandoni. Washa, kisha koroga na uguse kila kimoja. Kimoja kikitoka baridi kabisa, tutajua. Na bukari nene hupata moto kandoni ikabaki baridi ndani. Ivunjevunje, nyunyiza maji, funika, pasha, geuza, ngoja kidogo, pasha tena.

Fanya hivyo kabla ya kumpigia Mama kelele tena.

Siwezi kuja sasa.

B.


Kolwezi, 8 Juni 2025

Banza,

Mama anasema: yuko nyumbani, ni mzima, anakula vizuri, chakula ni cha moto sasa, asante kwa mashine. Anauliza kama Ndaya amezaliwa. Anasema kama amezaliwa, kitovu kisitiwe majivu wala dawa yoyote, kiachwe kikauke chenyewe.

———

Hayo ya juu Mama ameniambia niandike ili usiwe na wasiwasi. Tuko hospitali tangu Jumatano.

Vikombe vyote vitatu vilitoka vya moto. Basi nikapika uji, nikauacha upoe, nikaupasha mwenyewe katika mashine, nikaukoroga, tukakaa mimi na Mama na bakuli moja na vijiko viwili. Nilitia kijiko cha kwanza kinywani nikakitema sakafuni, ulimi umebabuka. Kuinua macho, Mama anameza. Alikuwa anausukumia uji shavu la kushoto, kama kawaida yake tangu meno ya kuume yang'oke, na anameza, kijiko baada ya kijiko.

"Mama, acha! Inachoma!"

"Iko baridi," akasema. "Lakini njaa iko inaniuma."

Nikamshika taya kama unavyomshika mutoto aliyeokota kitu chini. Nikamwambia afungue kinywa. Ndugu yangu, ndani kulikuwa kweupe. Ngozi ya shavu ilikuwa inatoka vipande vipande. Nikaangalia vidole vya mkono wa kushoto. Malengelenge. Mengine mapya, mengine yalikauka zamani, na mi nilikuwa nikiyaona kila siku nikadhani ni alama za ile mbabula.

Munganga, daktari wa hapa, alichukua chupa mbili, moja ya maji ya moto, moja ya maji ya baridi. Alimwambia Mama afunge macho, akawa anamgusisha shavuni, mkononi, mguuni. Upande wa kuume alijibu vizuri. Upande wa kushoto, chupa yoyote, alijibu "baridi". Munganga akaniuliza kama amewahi kuanguka. Nikamwambia ndiyo, mwezi wa kumi na mbili, tulisema ni utelezi. Si utelezi. Mshipa uliziba kichwani siku ile, na pale palipokufa ndipo palipokuwa panajua moto na baridi. Koo nalo halifungi vizuri. Chakula kinapotea njia kinaingia mapafuni, ndicho kile kikohozi, na mapafu yameshaoza upande mmoja. Nilimuuliza, kama tungemleta siku ileile ingekuwaje. Aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Mashine yako ni nzima, Banza. Ni nzima kabisa. Miezi minne tumekuwa tukiipima yenyewe.

Njoo. Sikuombi tena, nakuambia kama dada yako mkubwa. Na kuna jambo lingine. Katika barua yako ya mwisho Tania yuko juu ya mstari, chini hayupo, na siku zake za kuzaa zimeshapita. Kwa nini?

Laurentine


Dilolo, 29 Juni 2025

Yaya,

Sipigi mstari. Msomee Mama unachoweza, au usimsomee kitu.

Tania alikufa Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi. Damu ilianza asubuhi. Nilikuwa ndani ya nyumba, Yaya. Nilikuwa mezani nimeupa mlango wa chumba mgongo, natengeneza pasi ya mteja, na yeye alikuwa chumbani ananiita. Aliniita muda mrefu. Ni jirani, mama Rachelle, aliyemsikia kutoka ng'ambo ya ua. Aliingia mbio akanivuta shati. Nilimkasirikia kwanza, nilidhani ananichezea.

Tulimpeleka kwa pikipiki, tumembana katikati yetu. Wakunga walifanya walichoweza. Mutoto alitoka hai. Mwanamke, mdogo sana, alienea katika viganja vyangu viwili. Katekista akaja, akaniandikia kwenye karatasi: jina? Nikaandika Ndaya. Barua yenu yenye jina ilikuwa imefika siku chache kabla, na Tania alikuwa amelipenda kweli. Hilo sikudanganya. Mutoto aliishi mpaka jua lilipozama. Niliwazika pamoja.

Halafu ikawa lazima nikujibu. Mama alikuwa anangoja habari ya mimba. Nikaandika juu ya mstari kile alichotaka kusikia, na chini nikaandika vikombe vitatu, kwa sababu habari ya vikombe niliiweza.

Unaniambia nije. Si barabara. Nikifika Mama ataangalia nyuma yangu aone nani mwingine anashuka kwenye lori. Duka sifungui. Watu wanakuja mlangoni, midomo yao inacheza, naiangalia tu. Zamani nilijitahidi kuisoma. Sasa sitaki kujua inasema nini. Mama hajui moto, umeniandikia. Mi nilikuwa hatua chache kutoka kwa mke wangu, akilia jina langu, na niliendelea kukaza skrubu.

Mtunze Mama. Usiniandikie tena.

Banza


Mutshatsha, 14 Agosti 2025

Banza, mdogo wangu,

Uliniambia nisiandike. Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la makala kando ya reli hapa Mutshatsha, Stany anabadilisha gurudumu. Barua hii haipiti mkononi mwa mtu mwingine. Nitakupa mimi mwenyewe. Kwa hiyo unaposoma hapa, niko mbele yako. Usiinue kichwa bado. Soma mpaka mwisho, kwa sababu nikisema kwa mdomo hutasikia, na kwa mikono sitaweza.

Mama alikufa Jumamosi tarehe 2 Agosti. Ni mapafu. Tulituma message kwenye simu yako, hazikujibiwa. Tukatuma kwa Louis, yule anayeuza viatu kando ya duka lako. Anasema alikuja na simu mkononi ili uisome, ukafungua mlango, ukaona ni yeye, ukafunga. Tulikungoja. Kalenga alipata ruhusa kazini, akasema tukungoje tena kidogo, lakini haikuwezekana kumweka zaidi. Tulimzika Jumanne. Kuna watu waliouliza uko wapi. Niliwaambia uko njiani.

Barua yako sikumsomea. Ilinikuta kando ya kitanda chake. Niliifungua mbele yake kama kawaida, macho yangu yakaona yaliyoona, na kinywa changu kikasema, "Mama na Yaya, nawasalimu, hapa wote ni wazima, Tania anawasalimu." Nikaishia hapo. Akanyoosha mkono wa kuume, akaichukua karatasi, akaiangalia sana.

"Leo mustari haiko," akasema.

"Banza alisahau, Mama."

"Laurentine. Maandishi iko mingi, kusoma iko kidogo. Kila mara. Munadanganya mutu mukubwa."

Akapumua, maana kila neno lilimchosha.

"Wakati ya mvua mimba ilikuwa ya miezi saba. Sasa ni baridi ya mwezi wa saba. Mimba gani haizale? Tania alikufa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mutoto?"

"Alizaliwa muzima. Alikufa mangaribi."

"Bakamupa jina?"

"Ndaya."

Alifunga macho. Nilidhani amelala, nikaanza kukunja karatasi yako, ndipo akauliza, macho yamefungwa vilevile: "Banza eko na nani kule?"

"Eko peke yake, Mama."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mbele ya Pasaka."

Hapo alinigombeza, Banza. Sauti ilikuwa imekwisha lakini alinigombeza kama zamani, kama siku tulizokuwa tunachelewa kurudi kutoka mtoni. "Sasa weye unafanya nini hapa? Unanipimia moto ya uji, na ndugu yako anakaa peke yake na maiti mbili! Enda!"

"Mama, siwezi kukuacha."

"Basi ngoja nikufe. Halafu uende."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayepanga kazi za nyumbani, hii kwanza, ile baadaye. Baada ya siku ile hakuuliza tena habari ya barua. Manesi walimlisha kwa mpira. Juma la mwisho hakunitambua, aliniita kwa jina la dada yake. Sikuona amani yoyote katika kufa kwake, na sitakuambia kwamba niliiona. Alipigania pumzi mpaka zikaisha. Nilikuwa namshika mkono, na sikujua kama nishike wa kuume au wa kushoto.

Nilipokuwa nakuandikia habari za vikombe, nilidhani wewe hutaki kuja. Nilikusema vibaya mbele ya Kalenga, nilikusema vibaya mbele ya Stany, na Stany alikuwa anajua. Wewe ulimkataza asituambie, naye akavumilia matusi yangu yote kwa ajili yako. Leo ndani ya lori amenieleza alivyokukuta mwezi wa nne, umekaa mlangoni na pasi ya mteja mapajani.

Kuhusu kuita na kutosikia, sina dawa. Nimetafuta neno tangu Kolwezi mpaka hapa, sikulipata, na nadhani halipo. Ulikuwa hatua chache, na hukusikia. Mi nilikuwa naishi naye nyumba moja, nina masikio mawili mazima, aliniambia kila siku kwa kinywa chake, nami nilimpigia kelele. Hayo hayatatoka. Sikuja kuyatoa.

Shule itafunguliwa Septemba. Mpaka siku hiyo nitakuwa hapa kwako. Kwanza utanipeleka walipolala Tania na Ndaya, sijawaona. Baadaye tutafungua nyumba yako ipate hewa, maana Louis anasema hufungui hata dirisha. Kalenga amekutengenezea kile chumba cha nyuma cha kwetu, ameziba ufa kwa saruji, utafunguka tena, ndiyo Musonoi. Ukikubali turudi pamoja, tutarudi. Ukikataa, sitakuburuta. Lakini usifunge mlango huku mi niko nje, Banza. Siwezi kukugongea.

Stany anawasha lori. Naacha hapa.

Umemaliza. Inua kichwa sasa.